Cherehani ya Arobaini na Moja

Machi 6

Mvua ya kwanza imeshuka leo nikiwa nafungua barua. Paa la ofisi ya chama huvuja mahali pale pale kila mwaka, juu ya kabati la majalada, na kila mwaka tunatega ndoo na kuahidiana kwamba mwaka ujao tutaziba. Nimeisogeza ndoo kwa mguu, nikakaa, nikachana bahasha ya tano.

Herufi za mkono, zimesimama wima, zimebanana kama mishono. "Mimi ni mshonaji. Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha sare kilichofilisika mwaka juzi. Cherehani iliyokuwa dirishani ni yangu, niliachiwa na marehemu mama. Ya kiwanda ilipovunjika, msimamizi wa zamu aliniruhusu nilete ya nyumbani. Mfilisi wenu aliiuza pamoja na za kiwanda. Nilimwambia yule dada aliyekuwa akiandika orodha, nikampelekea na ushahidi. Nimeiandikia ofisi yao mara tatu, kimya. Nimeambiwa nyinyi ndio wakubwa wao. Nisikilizeni."

Yule dada aliyekuwa akiandika orodha ni mimi.

Nimeikunja barua, nimeitia kwenye mtoto wa meza, chini ya boksi la pini. Kisha nimefungua bahasha ya sita kama vile hakuna kilichotokea.

Machi 7

Mvua. Sijaiingiza barua kwenye rejista.

Machi 8

Sijaiingiza.

Machi 11

Nijieleze, japo hakuna aliyeniuliza.

Kampuni ikifa, mahakama humteua mfilisi aikusanye mali yake, aiuze, awagawie wanaoidai. Ni kazi ya kushika vitu vya watu katika siku yao mbaya kuliko zote, na mtu akiwa na mkono mwepesi si rahisi kumwona. Ndiyo maana kuna chama. Sisi ndio tunaowatahini wafilisi, tunaowaandika kwenye orodha, tunaowapa leseni kila mwaka, na tunaowasikiliza watu wanaosema mfilisi kawakosea. Hilo la mwisho ndilo dawati langu. Mimi ni katibu wa malalamiko.

Wengi hawatuelewi. Mchora vibao alipotuandikia bango la kwanza aliandika CHAMA CHA MUFLISI, na kwa mwezi mzima watu waliingia kutupa pole. Mume wangu huangua kicheko hadi leo akilikumbuka.

Kipeperushi kilicho mlangoni nilikiandika mimi: kila lalamiko litaingizwa kwenye rejista ndani ya siku tatu, litajibiwa ndani ya siku kumi na nne. Leo ni siku ya tano. Nimepita mbele ya kipeperushi hicho mara sita, na mara zote nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Machi 13

Nimeota kile kiwanda. Afadhali niandike kilichotokea, labda kitaniachia usingizi.

Wakati ule sikuwa huku. Nilikuwa msaidizi katika ofisi ya yule tunayemwita Mwalimu, kwa kuwa nusu ya wafilisi walio kwenye orodha yetu amewafundisha yeye. Miaka sita nilikaa chini yake. Ndiye aliyenishika mkono nilipoanguka mtihani wa kwanza, akanikalisha kila Jumamosi mpaka nikafaulu. Alikuwa na neno lake moja: "Mfilisi ni mgeni kwenye nyumba ya msiba. Usiguse kisichokuhusu."

Kiwandani alinipa kazi ya kuorodhesha mali. Rejista ya kampuni ilisema cherehani arobaini. Nikahesabu sakafuni, arobaini na moja. Nikarudia, arobaini na moja. Mshonaji mmoja akanijia, mwanamke wa makamo, mrefu, sauti ya chini. Akasema ile ya dirishani ni yake.

"Una risiti?" nikamuuliza.

"Ya mama, hiyo. Mama alinunua kabla sijazaliwa. Risiti nitaitoa wapi?"

"Lete chochote basi."

Kesho yake akaleta picha ya zamani, mama yake ameketi kwenye cherehani ile ile, gurudumu lina kovu kwenye ukingo, na kikaratasi cha msimamizi wa zamu kinachothibitisha. Nikavibana kwenye jalada. Nikasema nitamwonyesha Mwalimu. Mnunuzi alikuwa analeta lori Ijumaa, na kwenye tangazo la mauzo tayari nilikuwa nimeandika arobaini na moja. Kubadili tangazo maana yake kuanza upya, na kuanza upya maana yake kumwambia Mwalimu kwamba nilikosea kuhesabu vya watu. Nikaona haya. Nilichomoa picha na kikaratasi kwenye jalada, nikavitia kwenye bahasha, nikaipeleka nyumbani. Sikuvichana. Mara nyingine najisifu kwa hilo, kwamba sikuvichana.

Lori lilipokuja nilikwenda kunywa chai.

Machi 15

Kikao cha wafanyakazi. Mwenyekiti wetu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Kanuni, ametangaza kwamba mkutano mkuu wa mwisho wa Mei utampa Mwalimu tuzo ya utumishi wa maisha. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Kanuni hakupiga, alikuwa anasahihisha nukta kwenye ajenda. Nikawaza kwamba mwanamke yule akikatwa hatatoka damu, itatoka wino.

Machi 20

Amekuja.

Nilijua ni yeye kabla hajafunga mwavuli. Amekonda. Alikaa kwenye benchi la wageni akingoja zamu yake ingawa hakukuwa na mtu mwingine, mpaka nilipomwita. Alinitazama usoni kwa utulivu, na mimi nikajiambia: hanikumbuki. Mwaka juzi nilikuwa na nywele ndefu na sikuwa na miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilileta barua, sasa wiki mbili. Nimekuja kuuliza."

"Barua?" Nilifungua rejista, nikapitisha kidole kwenye mistari ambayo nilijua haina jina lake. "Mbona haijatufikia?"

Nimeyaandika maneno hayo ili niyaone yalivyo. Mbona haijatufikia. Ilikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na goti langu.

"Labda imelowa njiani," akasema. "Mvua hizi. Si kitu. Nipe karatasi niandike nyingine."

Nikampa. Akaandika pale pale, polepole, bila kufuta hata neno. Nilipoinuka kwenda kumletea bahasha, akasema, "Simama hapo hapo. Pindo la sketi yako limefumuka."

"Ah, nitashona nyumbani."

"Hutashona. Wenye kazi za ofisini hamshoni." Akachomoa sindano yenye uzi kutoka kwenye ukosi wa blauzi yake, akapiga magoti sakafuni, na mimi nikasimama katikati ya ofisi ya malalamiko nikishonewa pindo na mwanamke niliyemwibia. Maana ni wizi, hakuna jina lingine. Alikata uzi kwa meno.

"Asante, mama."

"Nikiwa na cherehani yangu ningekupigia mshono usiofumuka mpaka uzeeke. Kwa mkono ndiyo hivi."

Alipoondoka nikaitia barua ya pili juu ya ya kwanza.

Machi 21

Mume wangu ni fundi wa majokofu, kwa hiyo macho yake hayapitwi na kazi ya mkono. Asubuhi ameinama kutafuta kiatu akaliona pindo. "Nani kakushonea hivi? Huyu anajua."

"Fundi mmoja tu."

"Mlipe vizuri."

Nikaingia bafuni, nikafungulia maji.

Machi 22

Mvua.

Machi 25

Mvua. Barabara ya nyuma imejaa maji, tumefunga ofisi mapema. Nilifurahi: siku ambayo hawezi kuja.

Machi 27

Nimekwenda kwa Mwalimu. Nilidhamiria kumwambia kila kitu: kwamba kosa ni langu, kwamba yeye alisaini akiniamini, na kwamba nitaipeleka barua kwa Mwenyekiti. Njia nzima nilikuwa nikiirudia ile hotuba kama mtoto anayetumwa dukani.

Ofisi yake haijabadilika, picha za wanafunzi wake ukutani mwaka kwa mwaka, yangu safu ya tatu. Akafurahi kuniona. Akaagiza chai. Nikamweleza, nikalia, akanipa leso yake. Nilipomaliza akazungusha kijiko ndani ya kikombe ambacho sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Unadhani sikujua?" akasema.

"Mwalimu?"

"Binti yangu, mimi naweza kusaini orodha bila kuilinganisha na rejista? Arobaini kwenye kitabu, arobaini na moja kwenye tangazo. Na yule mama alinikamata getini mwenyewe, akanieleza. Nilikuona umejikunyata na siri yako, nikasema nikusitiri. Tungetangaza upya, mnunuzi angekimbia, wafanyakazi mia wangekosa hata kile kidogo walichopata. Kwa cherehani moja kuukuu?"

Kwa hiyo miaka miwili nimemficha jambo ambalo yeye amenificha mimi.

"Mimi nilikusitiri," akasema. "Nisitiri na wewe. Mpaka mkutano upite tu. Juni tutamtafutia huyo mama cherehani nzuri kimya kimya, tumpe. Mvua gani isiyopita?"

Nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Nilikuwa nimekwenda kutubu, nikarudi nimeajiriwa upya. Na kibaya zaidi, kwenye ngazi nilihisi nafuu. Nilishuka karibu nikikimbia.

Aprili 2

Nimeanza kuiangalia picha ile ya mama na cherehani. Iko kabatini, kati ya vyeti vyangu. Mama wa mshonaji hatabasamu. Amemtazama mpiga picha kama mtu anayekatizwa kazi.

Aprili 9

Kanuni anaandaa taarifa ya mwaka. Ameniita, miwani kwenye ncha ya pua.

"Tangu Januari, malalamiko mangapi?"

"Matatu. Yote ya Januari, yote yameshajibiwa."

"Machi hakuna?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mwenyekiti. Nadhani wanachama wetu wamejirekebisha."

Akaniangalia. Sijui kwa nini niliongeza yale ya mwisho. Mwongo hutambulikana kwa nakshi. Akaandika sifuri kwenye karatasi yake, duara safi, akasema, "Haya. Hongera basi."

Aprili 10

Mvua tangu alfajiri.

Aprili 11

Mvua. Binti yangu ana miaka kumi na tatu, shuleni wamemtaka aandike insha kuhusu kazi ya mzazi. Ameniuliza, "Mama, wewe unawasaidia watu gani hasa?" Nikamwambia amwandike baba yake.

Aprili 16

Amekuja tena. Safari hii nilimwona kutoka dirishani akivuka barabara, ameinua sketi kwa mkono mmoja asiguse maji, na nikafanya jambo ambalo sikujua ninaweza kulifanya: nimeingia stoo. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mke wa mtu, mama wa mtoto, nimejibanza kati ya rafu za majalada ya zamani, napumua vumbi.

Nikamsikia akiongea na dada wa mapokezi.

"Katibu yupo?"

"Alikuwepo sasa hivi. Labda ametoka kidogo."

"Mwambie nimepita. Mwambie sina haraka, asijisumbue."

Asijisumbue! Nilikaa mle mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipotoka, dada wa mapokezi akautazama utando wa buibui ulioning'inia begani kwangu, akautoa kwa kidole, hakusema neno. Ukimya wa mtu anayekuheshimu ni mzito kuliko tusi.

Aprili 17

Sijaenda kazini. Nimesema naumwa. Kwa mara ya kwanza mwezi huu nimesema kitu chenye ukweli ndani yake.

Aprili 24

Leo niandike kirefu.

Barua zimekuja saa tatu. Bahasha moja imeandikwa kwa zile herufi wima, lakini si kwangu: "Kwa Mwenyekiti". Barua zote huzifungua mimi, hata za Mwenyekiti, ndiyo kazi. Nikajua ameshachoka, sasa ananishitaki.

Ilikuwa barua ya shukrani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti. Sisi watu wadogo tukipewa heshima ofisini hatuna budi kusema. Nilifika kwenu Machi, katibu wako wa malalamiko alinipokea vizuri, akanipa karatasi na kalamu, akaipokea barua yangu kwa mikono miwili. Najua analishughulikia suala langu la cherehani kwa bidii, ndiyo maana linachukua muda. Naomba umpongeze kwa niaba yangu. Mungu amzidishie."

Nikaisoma mara moja tu. Nilikuwa nimefungua mtoto wa meza, ile barua ya kwanza na ya pili zimelala zinaningoja niziletee ya tatu. Ningeweza. Hakuna ambaye angejua. Mkono wangu ulishaanza kwenda. Lakini lile neno mikono miwili lilinichoma. Lawama nilikuwa nimezizoea. Nilikuwa nimejijengea ukuta wa lawama tangu mwaka juzi, kila siku najilaumu kidogo na kuona nimelipa. Shukrani sikuwa na pa kuiweka.

Nikazichukua zote tatu, nikapanda ngazi kwa Kanuni.

"Mwenyekiti, kuna barua yako." Nikaiweka mezani. "Na hizi mbili zilitakiwa ziwe kwenye rejista."

Akasoma zote kwa mpangilio wa tarehe, kama anavyosoma kila kitu. Alipofika "yule dada aliyekuwa akiandika orodha" akasimamisha kidole.

"Huyu dada ni nani?"

"Mimi."

"Na mfilisi?"

Nikamtaja Mwalimu. Nikamweleza yote: hesabu, picha, lori, stoo, ile sifuri niliyomwandikisha. Nilidhani atafoka. Alivua miwani, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mtu mchovu wa makamo.

"Umewahi kujiuliza chama hiki kina nguvu gani?" akasema. "Hatuna polisi. Hatuna jela. Tuna orodha ya majina. Jina likiwa kwenye orodha yetu, mtu aliyepoteza kila kitu anamfungulia mlango mgeni na kumkabidhi funguo. Basi. Hiyo ndiyo nguvu yetu yote. Na njia pekee ya kuitunza ni dawati lako. Dawati lako ndilo mlango wa chama, na wewe umeukalia ufunguo."

"Nisamehe, Mwenyekiti."

"Mimi hujanikosea cherehani." Akavaa miwani. "Kabidhi rejista. Nenda nyumbani, utaitwa na kamati ya nidhamu. Lete hiyo picha na kikaratasi. Mimi sitakaa kwenye kamati."

"Kwa nini?"

Alitazama dirishani, mvua ikichora vioo.

"Alinifundisha mimi pia," akasema. "Jumamosi zote zile. Unadhani nilifaulu mara ya kwanza?"

Mwaka wa pili huu tunafanya kazi jengo moja, na leo ndiyo nimemwona.

Aprili 26

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anafungua mota ya jokofu la jirani, akaendelea kufungua mpaka skrubu ya mwisho. Kisha akasema, "Ile siku nilipokwambia umlipe vizuri."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesimama pale pale." Akafuta mikono, akaenda kukaa nje kibarazani na mvua inanyesha. Hajanisema. Laiti angenisema.

Mei 3

Mwalimu amepiga simu. Nilitaka nisipokee, nikapokea.

"Umenivua nguo," akasema. "Mimi niliyekuvalisha."

"Mwalimu, nimejivua na mimi."

"Wewe bado kijana, utavaa nyingine. Mimi nina miaka sabini na moja. Wameshaanza kunitazama kama mwizi wa kuku." Nikasikia kijiko ndani ya kikombe. "Ungeningojea mpaka Juni."

Bado nampenda, nalo nalionea haya, na kwamba nimemtosa nalo nalionea haya. Haya zangu zimeanza kugombana zenyewe kwa zenyewe.

Mei 4

Mvua kidogo.

Mei 16

Kamati ya nidhamu. Watu watatu, hakuna ninayemjua vizuri, mmoja si mfilisi kabisa bali daktari wa mifugo. Taratibu zetu zinataka mjumbe kutoka nje ya fani. Mshonaji ameketi upande wa kulia, mikono mapajani. Mwalimu upande wa kushoto, suti ya kijivu. Mimi katikati kama sindano.

Mwalimu alianza kwa kukana. Alisema hakumbuki mtu yeyote getini, orodha aliletewa na msaidizi, naye alimwamini. Sauti ilikuwa ile ile ya Jumamosi, na kwa muda kidogo nilimwamini mimi mwenyewe. Kisha daktari wa mifugo akauliza, kwa upole:

"Mzee, wewe hufundisha kwamba orodha ilinganishwe na rejista kabla ya sahihi?"

"Ndiyo."

"Siku hiyo ulilinganisha?"

Mwalimu akafungua kinywa. Akisema hapana, amevunja somo lake. Akisema ndiyo, alijua. Nilimwona akizitafuta njia zote mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa na mlango. Akamgeukia mshonaji, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nililinganisha," akasema. "Na getini ulinieleza. Nilikusikia."

Mshonaji akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayehakikishiwa jambo alilokwisha kulijua.

Waliponiuliza mimi, nikatoa picha na kikaratasi. Mjumbe mmoja akauliza vilikuwa wapi. Nikasema kabatini kwangu, kati ya vyeti. Mwenyekiti wa kamati aliinamisha uso akaandika, nadhani ili nisiangaliwe. Picha wakamrudishia mwenyewe pale pale. Aliipangusa kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

Mei 23

Uamuzi. Mwalimu, leseni imesimamishwa miaka miwili. Kwa umri wake ni kama milele. Tuzo imefutwa. Mimi nimeondolewa kwenye kazi, na jina langu limetolewa kwenye orodha kwa miaka mitatu, kisha nitahiniwe upya. Chama kimemwandikia mnunuzi, akajibu kwamba cherehani ya kizamani ilivunjwa vipuri mwaka jana. Hakuna cha kurudisha. Mfuko wa fidia wa wanachama utamnunulia mshonaji nyingine ya kuchagua mwenyewe, na Mwenyekiti atamwandikia barua ya kuomba radhi kwa jina la chama.

Matangazo ya nidhamu hubandikwa ubaoni na kutumwa kwa wanachama wote. Kiolezo chake aliyekuwa akikijua ni mimi. Dada wa mapokezi amenipigia, anaona aibu hata kuniuliza: je, tarehe inakaa juu au chini? Na majina, kwa herufi kubwa?

"Juu," nikamwambia. "Na majina kwa herufi kubwa. Subiri, nitakuja nikuchapie."

Nikaenda. Nimelichapa jina langu kwa herufi kubwa, na la Mwalimu, nikakagua nukta. Kanuni akapita nyuma yangu, akasimama, akasoma. "Sahihi," akasema. Sijui kwa nini neno hilo moja lilinifariji kuliko pole zote.

Mei 24

Hakuna mvua leo.

Mei 25

Hakuna mvua.

Juni 3

Nimekwenda kwa mshonaji. Hakuna aliyenituma. Amepanga chumba kimoja kinachotazama barabara, mlango wazi, cherehani mpya chini ya dirisha, bado ina karatasi ya dukani kwenye mguu mmoja. Alikuwa anakata kitambaa. Hakushangaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, usisimame juani."

Niliingia. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakatoroka. Nikasema tu, "Siku ile kiwandani, aliyekuwa anaandika orodha ni mimi. Ulilisikia kwenye kamati, lakini mdomoni mwangu hujalisikia."

"Nilijua tangu Machi," akasema, mkasi ukiendelea kutembea. "Tangu nafunga mwavuli. Mtu aliyeuza cherehani ya mama yako, utausahau uso wake kwa sababu kanunua miwani?"

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utasema wewe."

"Na ile barua ya kunishukuru?"

Hapo aliweka mkasi chini. Nilidhani amekasirika, kumbe anajizuia kucheka, na cheko lenyewe halikuwa la furaha.

"Malalamiko nimeandika matano, mwanangu. Matatu kwa mzee wako, mawili kwako. Yote yamepotea. Nikakaa nikawaza: ofisini ni karatasi gani isiyopotea? Nikaona ni sifa. Hakuna mtu anayepoteza sifa yake."

Nilitazama sakafu, vipande vya kitambaa cha bluu kila mahali. Nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha."

Alinitazama bila ubaya, kama anavyotazama nguo kuona mshono umeanzia wapi kuachia.

"Utaupata," akasema. "Mimi si mtu wa kulala na kinyongo. Lakini si leo. Leo nina sare kumi na mbili, na shule zinafunguliwa Jumatatu."

Akakaa kwenye cherehani, akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mara moja. Nikamshukuru, nikatoka. Sikuuliza lini.